Kugonga Chuma, Kunusa Oili

Tangu nistaafu nimeshathamini jiko la mkaa la jirani yangu hapa Mazwi, baiskeli ya katekista na meno ya bandia ya mume wangu. Katekista hakufurahi. Nilimwambia baiskeli yake ina ekseli iliyopinda, na ile rangi nyekundu imepakwa kuficha kutu. Akaniuliza nani kanituma. Hakuna aliyenituma. Mkono wenyewe ulikwenda kwenye gurudumu, ukalizungusha, na mdomo ukafuata. Hapo ndipo mume wangu aliposema niwaandikie ninyi vijana wa yadi mambo haya yote yanitoke kichwani, kabla sijagombana na parokia nzima.

Habari za vyeo nitaziruka. Nilianza nikiwa mthamini, nikamaliza nikiwa mthamini, na katikati walinibadilishia kiti mara mbili. Mshahara mnaujua, maana na ninyi mnaupokea huohuo.

Kwa wale ambao hawajawahi kufika kwetu, yadi ya ushirika wetu pale Sumbawanga mjini ndipo wakulima wa Ufipa wanapoleta vyombo vya shamba vilivyokwisha kutumika: plau za kukokotwa na ng'ombe, mabomba ya kupulizia dawa, mashine za kupukuchulia mahindi, na pawatila, yaani yale matrekta madogo ya kushikwa kwa mikono miwili. Wapo wanaouza, wapo wanaobadilishana, wapo wanaogawana urithi. Mtu wa kusema chombo kina thamani gani ni mthamini. Ukitaja kubwa, mnunuzi atakulaani msimu mzima. Ukitaja ndogo, muuzaji atakulaani mpaka kwa watoto wake. Ukipatia sawasawa, wote wawili watanung'unika kidogo, kisha wataenda kunywa chai pamoja.

Siku yangu ya kwanza niliivuruga kabla ya saa nne asubuhi. Bwana mmoja alileta mashine ya kupukuchulia mahindi, ya kijani kibichi, inang'aa kama imetoka dukani jana. Mimi nilikuwa na cheti kipya, kalamu mpya na viatu vipya, nikaona tumefanana. Niliiandikia alama za juu kabisa. Mzee Kornel, mthamini mkuu wa wakati ule, aliisoma fomu yangu. Akatoa sarafu mfukoni, akaanza kukwangua ubavuni mwa mashine taratibu, kama mtu anayekwangua ukoko. Chini ya kijani kulikuwa na bluu. Chini ya bluu, nyekundu. Chini ya nyekundu hakukuwa na bati. Kulikuwa na kipande cha gunia kilichopakwa rangi tabaka tatu, na sarafu ikatokeza upande wa pili.

"Umethamini gunia zuri sana," akaniambia.

Yule bwana muuzaji alicheka kuliko sote. Alikuwa hana hata chembe ya aibu, na nikaja kujua baadaye kwamba huyo ndiye muuzaji wa kawaida.

Mzee Kornel alikuwa mtu mfupi, aliyevaa koti zito mwaka mzima, Juni na Desemba. Mifuko ya koti ilikuwa na vitu vitatu: sarafu, sumaku na karanga za kukaanga. Muuzaji akianza kusifia mashine yake, mzee anatafuna karanga. Hajibu, haitikii, anatafuna tu akimtazama usoni. Baada ya dakika tano za karanga, wauzaji wengi walianza kujirekebisha wenyewe. "Kwa kweli, mzee, beringi moja ina kelele kidogo." Karanga. "Na mkanda nilibadilisha, lakini si mpya." Karanga. Nimewahi kumwona akinunua ukweli wote wa plau moja kwa karanga kumi na mbili.

Ndiye aliyenifundisha kugonga chuma kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Kilicho kizima kinalia, chenye ufa kinakohoa. Alinifundisha kutumbukiza kidole kwenye oili na kuinusa, kuweka bisibisi ndefu kwenye beringi na mpini wake sikioni, na kupitisha sumaku kila mahali penye rangi mpya. Nilipenda ile nyundo kuliko vyote, na watu wa vijijini wakaniita Mama Nyundo. Jina langu la ubatizo walilisahau, na mwishoni hata mimi nililiona geni kwenye karatasi za kustaafu.

Kuna mafunzo mengine hayamo kwenye cheti. Ukiambiwa uje saa tatu, nenda saa mbili. Kabla ya salamu kukamilika, egemeza mkono wako kwenye injini kama mtu aliyechoka na safari. Ikiwa ya moto, ujue imebembelezwa kuwaka tangu alfajiri ili ikuwakie mara moja. Halafu usimuulize muuzaji habari za mashine. Muulize mke wake, tena muulize habari nyingine. Mimi niliuliza, "Mama, mwaka huu mlimaliza kulima lini?" Mama wa watu anajibu kwa uchungu wake wote kwamba hawakumaliza, maana lile dude liliharibika mara nne. Mume anakohoa. Mimi naandika. Na mwandike kwa penseli, wanangu. Kalamu ya wino ni ya watu wasiokosea, nao hawaji kufanya kazi kwetu.

Somo lililonisaidia kuliko yote ni la nyasi. Mnajua sisi Wafipa tunavyolima. Tunafukia nyasi kwenye matuta ya duara, zile ntumba, zioze ziwe mbolea, kisha msimu ukifika tunayatawanya na kupanda. Wataalamu wa kutoka mbali wanazisifu sana ntumba. Pawatila hazizisifu. Pawatila ikipita kwenye udongo ule, nyasi zilizooza nusu zinajizungusha kwenye ekseli, nyuma ya gurudumu, zinakaza kama kamba, na polepole zinatafuna sili inayozuia oili isivuje. Mzee Kornel alikuwa analala chali chini ya mashine na koti lake, anazibandua zile nyasi kwa kisu, tabaka kwa tabaka, mpaka aione sili. "Ekseli haijui kudanganya," alisema. Alikosea hapo, lakini sikujua mpaka yeye mwenyewe ameshazikwa.

Miaka ikaenda. Niliwahi kuteremka mpaka Wampembe, kule ziwani, kuthamini pampu ya kumwagilia bustani, ambayo mwenyewe aliapa haijawahi kuona kitu zaidi ya mchicha. Nilipofungua bomba lake walitoka dagaa watatu wakavu. Ilikuwa inakausha maji kwenye mtumbwi. Niliwahi kupokea mashine ya kupukuchulia ambayo mwenyewe, mtu mzima na akili zake, alisema imerogwa, na ndiyo maana haivuti. Nikafungua chujio la hewa, nikakuta panya na familia yake. Kama ulikuwa uchawi, ulikuwa na mkia. Na kila mwaka, Juni na Julai, nilisikia utetezi uleule mmoja: "Ni baridi tu, Mama Nyundo." Baridi ya Sumbawanga imebebeshwa lawama za injini mbovu kuliko mafundi wote wa mkoa. Kuna mwaka mtu aliniambia ni baridi tu kuhusu plau.

Nilidhani basi nimeshaona kila ujanja. Miaka yote ile nilikuwa natafuta ubovu uliofichwa. Halafu, muda si mrefu kabla sijastaafu, nikatumwa kijiji kimoja upande wa Matai kwa mama mmoja aliyeitwa Selestina.

Selestina alikuwa mjane wa umri wa miaka arobaini hivi, na watoto wanne. Marehemu mumewe alimwachia pawatila na trela lake. Wazee wa ukoo walikaa wakakubaliana kwamba ni mali yake na watoto, hakuna wa kuigusa. Tatizo ni kwamba hakuweza kuiwasha. Injini zile huwashwa kwa kuzungusha hendeli kwa mkono, na yeye alizungusha mpaka akateguka bega, isiwake. Kuendesha alijua. Zamani mumewe alikuwa akiiwasha, kisha anamwachia mikono ya mashine aendelee na shamba. Sasa mtu pekee wa kuiwasha alikuwa shemeji yake, Didas, mdogo wa marehemu. Na Didas, kila mvua ilipokaribia, alikuwa na safari. Safari zenyewe alizifanya kwa pawatila hiyohiyo, akibeba mizigo ya watu barabara ya Kasanga. Msimu uliopita Selestina alilima robo tu ya shamba, kwa jembe la mkono, na mahindi yalikwisha ghalani kabla ya Pasaka.

Kwa hiyo aliamua kuiachia. Mzee Masunga, mfugaji Msukuma aliyehamia maeneo yale na ng'ombe wake, alikuwa tayari kumpa maksai wawili waliofundwa kulima pamoja na plau, achukue pawatila na trela. Walikubaliana mthamini aje aseme kama vitu vinalingana. Nikisema vinalingana, wanabadilishana siku hiyohiyo, na Selestina analima mvua za kwanza. Nikisema pawatila ni mbovu, Mzee Masunga anarudi na ng'ombe wake. Na hapo Didas, kwa huruma zake, alikuwa ameshaahidi kumwondolea shemeji yake lile chuma chakavu kwa kumpa baiskeli kuukuu.

Nilifika saa nzima kabla ya muda, kama kawaida yangu. Mawingu yalikuwa tayari yamekaa juu ya vilima. Mzee Masunga alikuwa amefika kabla yangu, na hilo lilinifanya nimheshimu. Alikuwa mrefu, mwenye mgolole begani, na maksai wake wawili wamesimama nyuma yake kama wasaidizi wa ofisi. Niliwauliza majina.

"Huyu Waziri, na yule Katibu," akasema. "Katibu ndiye anayefanya kazi."

Alikuwa anaizunguka pawatila taratibu. Aliipiga kofi ubavuni, akaangalia chini ya tumbo lake, akarudi nyuma akaitazama ilivyosimama.

"Mayu," akaniuliza kwa heshima ya kwao, "hii ina umri gani?"

"Miaka saba, mzee."

"Na inakula sana?"

"Inakula dizeli tu, na haili isipofanya kazi."

"Hapo inamshinda Waziri," akasema.

Didas alikuja akitembea, kijana wa miaka thelathini na ushee, shati safi, akaniamkia "Shikamoo, mama" kwa adabu iliyozidi kipimo. Akaeleza kwamba alikaa na mashine siku mbili nyumbani kwake ili aioshe kwa ajili yangu, na jana jioni akairudisha hapa kwa shemeji. Niliitazama mashine iliyooshwa. Ilikuwa na tope mpaka kwenye mikono. Niliegemeza mkono kwenye injini, ilikuwa baridi. Hakuna aliyeibembeleza. Nikajisemea angalau hapa hakuna ujanja.

Didas akapiga hendeli. Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweusi wa kufunika nyumba, ikazima. Akapiga tena. Moshi, kukohoa, kimya. Mara ya tatu haikukohoa hata. Nikainama kwenye ekseli. Oili ilikuwa imelowesha gurudumu la kushoto, na nyasi zimejaa nyuma yake, fungu zima. Sili imekwisha, nikawaza, na giaboksi imekunywa udongo. Nikaandika kwa penseli: mbovu.

Selestina hakuweza kusoma nilichoandika kwa pale alipokuwa, lakini alinisoma usoni. Alikaa juu ya kinu kilicholazwa mlangoni.

"Kwa hiyo, mama," akaniuliza polepole, "hata plau peke yake haifikii?"

Niliumia. Sitaficha, niliumia sana, maana nilijua jibu na nilijua mvua iko pale kilimani. Mzee Masunga aligeuka akatazama kwingine, kwa adabu. Didas alitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Nilimwambia shemeji," akasema. "Mimi nitaichukua tu. Kumsaidia."

Mtu akiumia hujitafutia kazi ya mikono. Nikatoa kisu, nikalala chali chini ya mashine, nikaanza kubandua nyasi kama nilivyofundishwa, ili angalau nipime sili imeliwa kiasi gani. Tabaka la kwanza likatoka. La pili. Nikasita.

Nyasi zilikuwa kavu na safi. Hazikuwa nyasi za kwenye ntumba, nyeusi, zilizooza, zinazonuka udongo. Zilikuwa nyasi za kuezekea. Halafu nikaangalia zilivyozungushwa. Gurudumu likienda mbele linavuta nyasi kuelekea upande mmoja, kila mara, halina hiari. Hizi zilikuwa zimezungushwa upande wa pili. Ili nyasi zikae vile, pawatila ingebidi ilime msimu mzima ikirudi kinyumenyume. Nilizikata zote. Chini yake sili ilikuwa nzima kabisa, kavu kwa ndani, na ile oili ilikuwa imemwagiwa kwa juu, nyeusi, kuukuu, ya kubakia kwenye kopo.

Nikabaki chini ya mashine nikitazama bomba la dizeli. Nati yake ilikuwa na mikwaruzo mipya ya spana, imelegezwa kiasi cha kuingiza hewa. Na kwenye mdomo wa chujio la hewa niliona ncha ya kitu cha bluu.

Maishani mwangu sikuwahi kuona mtu akiipaka mashine nzima ugonjwa. Didas alinijua. Alishawahi kuja yadi na marehemu kaka yake, akaniona nikibandua nyasi, akajua nitaangalia wapi. Nilikasirika, na papo hapo, Mungu anisamehe, nikafurahi pia. Nilijiona kama mpishi aliyeletewa kiungo ambacho hajawahi kukipika. Nikatoka chini ya mashine taratibu, nikajipangusa, nikatikisa kichwa kama mtu wa msibani.

"Chuma chakavu," nikatangaza kwa sauti.

Selestina akafunika uso kwa kanga. Nilitamani kumnong'oneza, nikajizuia.

"Didas, mwanangu," nikasema, "una moyo mzuri kuchukua mzigo kama huu. Lakini utaufanyia nini? Mimi sioni kama kuna fundi mkoa huu anayeweza kuifufua."

Mtu mwenye shati safi ukimwambia jambo hataliweza, unamchokoza penyewe.

"Mama, wewe unathamini tu," akacheka. "Mafundi ni sisi. Hii kwangu ni kazi ya saa moja."

"Saa moja! Na vipuri utavitoa wapi? Mbeya?"

"Wala haihitaji vipuri, mama. Ni vitu vidogo tu."

Mzee Masunga, aliyekuwa anamkuna Katibu shingoni, akaacha kukuna.

"Haihitaji vipuri?" akauliza.

Hata Waziri alikuwa ameacha kutafuna. Mimi nikavuta kigoda, nikakaa, nikaweka fomu magotini.

"Vizuri sana," nikasema. "Fomu yangu inataka mashine ikiwa imetengenezwa kwa kadiri inavyowezekana. Na wewe umesema inawezekana. Tengeneza, mwanangu. Nina muda."

"Spana zangu ziko nyumbani, mama."

"Zangu hizi hapa."

Mzee Masunga naye akatafuta jiwe, akakaa. Selestina alikuwa ameondoa kanga usoni. Watu watatu na ng'ombe wawili tulimtazama Didas akifanya kazi, na nasema kwa haki, alikuwa fundi mzuri. Alikaza nati ya bomba la dizeli, akatoa hewa yote kwenye njia yake, akapangusa mikono akasimama.

"Tayari," akasema.

"Na chujio la hewa?" nikauliza.

"Chujio ni zima, mama."

"Moshi ulikuwa mweusi, mwanangu. Fungua tu, nijifunze."

Alifungua. Aliingiza vidole viwili akavuta, na kikatoka kitambaa, kikaendelea kutoka, kipande kirefu cha kitenge cha bluu chenye maua meupe, kimefungwa fundo katikati. Kitenge kile kila mtu pale alikijua isipokuwa mimi na ng'ombe. Ilikuwa sare ya akina mama wa kigango chao.

"Si kile kipande cha Mama Neema hicho?" Selestina akasema. Mama Neema ni mke wa Didas. "Alikitafuta Jumapili nzima, ashonee kola. Akamsingizia mpaka dada wa kwaya."

"Labda panya," Didas akasema.

"Panya wa kwenu wanafunga fundo?" nikamuuliza.

Mzee Masunga alicheka kicheko kirefu cha kutoka tumboni, akajifuta macho kwa mgolole. Didas akapiga hendeli bila kuambiwa, nadhani alitaka kelele. Injini ikashika mara moja, moshi mwepesi, mlio wa kulingana. Nikaweka bisibisi sikioni, nikasikiliza beringi zote, nikazima, nikanusa oili. Ilikuwa mashine nzima, iliyotunzwa vizuri na marehemu, iliyobaki na misimu mingi.

"Inalingana," nikamwambia Mzee Masunga. "Maksai wawili, plau, na bado wewe ndiye unayepata zaidi kidogo."

"Naichukua," akasema, akaanza kufungua kamba ya Katibu.

Ilibaki jaribio moja tu. Siwezi kusaini mashine ambayo sijaiwasha kwa mkono wangu mwenyewe. Nikashika hendeli kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto nikainua kile kijiti kidogo kilicho juu ya kichwa cha injini, kinachoachia pumzi ili mzunguko uwe mwepesi. Nikazungusha mara tano, sita, nikaachia kijiti. Ikawaka.

Selestina alikuwa amesimama, mikono kichwani.

"Mama! Umekigusa!"

"Nimegusa nini?"

"Hicho kijiti! Si ukikigusa injini inapasuka?"

"Nani alikwambia?"

Sote tuligeuka kumtazama Didas, naye alikuwa anasoma mawingu kwa makini makubwa. Misimu miwili yule mama alikuwa akizungusha hendeli kijiti kikiwa kimelala, akishindana na pumzi yote ya injini. Hata Mzee Masunga asingeweza. Hata Waziri.

Nikazima injini, nikampa hendeli. Nilimwonyesha mara moja tu. Mara ya kwanza aliachia kijiti mapema, injini ikagoma. Alinitazama kwa hofu. "Usiihurumie," nikamwambia. "Zungusha mpaka uone imekubali." Akainua kijiti, akazungusha, akazungusha, akaachia. Ikawaka. Akairuka nyuma kama aliyemwagiwa maji, kisha akasogea, akaweka kiganja juu ya tangi, akakiacha pale ikimtetemesha mkono mzima. Alikuwa analia na anacheka, na mimi nilifurahi kuliko siku yoyote ya kazi yangu, na sijui kuisema vizuri zaidi ya hapo.

Mzee Masunga alimtazama kwa muda. Halafu akaanza kuifunga tena kamba ya Katibu.

"Mzee, tulikuwa tumekubaliana," Selestina akasema.

"Mayu, ningekuwa wewe nisingenipa," akajibu. "Wakati wa mavuno utanibebea mahindi yangu kwa trela hilo, nitakulipa kama wengine. Ng'ombe wangu wametembea, wamekula majani ya njiani, hawajapoteza kitu."

Akamgeuza Waziri, Katibu akafuata, wakashika njia. Tulimsikia akicheka peke yake mpaka kwenye kona.

Nikatoa kifutio, nikafuta lile neno nililoandika. Kwenye nafasi ya thamani nikaandika: haiuzwi. Meneja wangu alikuja kuniuliza baadaye huo ni utaratibu gani, nikamwambia aende Matai akaulize mwenyewe. Hakwenda.

Selestina alikuwa ameshika mikono ya mashine, trela nyuma yake, injini ikinguruma. Alikunja kile kitenge cha bluu vizuri, mara mbili, akakiweka kifuani.

"Shemeji," akasema, "panda nyuma nikufikishe nyumbani. Nataka nimrudishie Mama Neema kitambaa chake, na wewe uwepo."

"Nitatembea tu, shemeji," Didas akasema. "Si mbali."

"Panda."

Didas akapanda.